Uso Uliobandikwa Tumboni

“Fungua! Ni serikali!”

Mlango wa mabati ulitikisika mpaka kalenda ikadondoka ukutani.

Ndiyo, msomaji, bado tuko Bondeni, sebuleni kwa Daktari Joan anayewauzia tasa dawa ya mimba, na ile chupa ya mwisho ingali mkononi mwa Shiko. Wewe umekaa na wasiwasi wiki nzima. Shiko hakupata hata nafasi ya kuzungusha kizibo.

Kando yake kwenye kochi, Wawira alikuwa akiomba moyoni mlango uvunjwe upesi.

Maana Wawira alijua. Chupa za miezi yote iliyopita zilikuwa za kusimamisha hedhi na kuvimbisha tumbo. Tamu, zimejaa asali. Lakini hii ya mwisho, ambayo Joan aliiita chupa ya kufungua mlango, kazi yake ni moja tu: kumwaga damu. Mwanamke anavuja mpaka anazimia. Akizinduka anamkuta Joan amesimama juu yake. “Si nilikukataza kupanda bodaboda? Umemuua mtoto wako mwenyewe.” Na mwanamke anaomba msamaha! Analia, anaomba msamaha, halafu anaanza upya na chupa ya kwanza.

Mmoja, wa mtaa wa Kihoto, hakuzinduka. Ndiyo sababu mlango ulikuwa unagongwa.

“Mama Gachanja, ficha hiyo,” Joan alinong’ona.

Shiko akaisukuma chupa ndani ya sweta. Mtoto mwenyewe hajaonekana, lakini Joan alishamtajia jina, Gachanja, la baba wa Jamleck, mume wa Shiko, kama desturi inavyotaka kwa kifungua mimba wa kiume. Hivyo ndivyo Joan alivyowanasa. Hakuna mwanamke aliyeingia hapa akaitwa jina lake. Uliingia tasa, lakini ukishakalia kochi tu, wewe ni Mama Fulani. Na ukishaonja utamu wa kuitwa Mama Fulani, nani atakuvua?

“Usikunywe hiyo,” Wawira akamwambia sikioni. “Nakusihi.”

“Na mbona wewe ulikunywa, Mama Mapacha?” Shiko akacheka. “Ama unataka nibaki nyuma?”

Joan aliufungua mlango mwenyewe, uso umejaa tabasamu.

“Karibuni wageni. Mtakunywa chai ama juisi?”

Wa kwanza kuingia alikuwa Jepleting, afisa wa kukagua dawa, mwanamke mrefu mwenye buti na koti la kazi. Nyuma yake polisi wawili. Nyuma kabisa nesi mdogo wa hijabu, jina lake Umaima, ameukumbatia mkoba kifuani.

“Asiguse mtu kitu! Hizo chupa zote kwa meza, tia kwa sanduku.”

Akainua chupa moja, akaigeuza. Akainua nyingine. Uso wake ukaanza kubadilika.

Zote zilikuwa uchi. Kioo kitupu, hakuna hata herufi moja.

“Karatasi ziko wapi?”

“Karatasi gani, madam?” Joan akauliza, sauti laini kama mafuta ya watoto.

“Usinichezee. Ile ya mama amebeba mapacha. Imeandikwa ‘Imekubaliwa na serikali, hufungua tumbo la kila mwanamke.’ Iko wapi?”

“Hii ni juisi ya beetroot, madam. Nimeita marafiki wangu tukunywe juisi. Imekuwa makosa?”

Akachukua chupa moja sandukuni, akaifungua, akameza mafunda mawili mbele ya macho yao. Akajifuta midomo kwa kitambaa.

Sebule ikacheka.

Jepleting hakucheka. Mwezi jana tu alifika kortini na sanduku kama hili, chupa zisizo na karatasi, na wakili wa Joan akasimama na swali moja: “Chupa isiyosema kitu imemdanganya nani?” Kesi ikatupwa. Joan akatoka akipunga mkono.

“Pekua nyumba,” Jepleting akasema.

Wakapekua. Chini ya kitanda, ndani ya tangi la maji, kwenye gunia la viazi. Vitambaa vyeupe vya makochi vikainuliwa kimoja kimoja. Hakuna karatasi hata moja.

Na hapo Wanjugu, muuza mitumba mwenye mdomo kama wembe, akasimama na tumbo lake mbele.

“Madam, niulize. Kama ni maji ya bure, mbona mnaikimbiza hivi? Serikali haikimbizangi kitu haifanyi kazi!”

“Mwambie!” wenzake wakaitikia.

“Mnataka turudi hospitali zenu tupasuliwe kama kuku! Wewe mwenyewe una watoto wangapi?”

“Wanne,” Jepleting akajibu kabla hajajizuia.

“Ehe! Wanne! Aliyeshiba amekuja kutuambia habari ya njaa. Kunywa chai uende, mathe.”

Vicheko tena. Polisi mmoja akaangalia chini.

Jepleting akavuta pumzi. “Sikizeni. Kuna mwenzenu wa Kihoto amezikwa juzi. Alikuwa na tumbo kama hizo zenu. Walipompima hakukuwa na mtoto. Hakukuwa na kitu.”

“Alipanda pikipiki,” mtu akasema kutoka nyuma.

“Ndio, alikatazwa.”

“Si hata aliinua mtungi?”

Hivyo tu. Marehemu hakuwa na wa kumlilia hata kati ya wenzake.

Wawira aliwatazama mmoja mmoja. Yeye alikuwa mtu wa kutazama. Kazi yake hapa ilikuwa kuosha chupa, na muosha chupa huona mengi. Alijua karatasi ziliko. Zilikuwa sebuleni, mbele ya macho ya serikali, na polisi wangepekua hadi Krismasi wasizione.

Zilikuwa kwenye matumbo ya wanawake.

Joan ndiye aliyewafundisha. Ukinunua chupa, unaiweka kwa mvuke wa sufuria mpaka karatasi ijikunje, unaibandua, unaipaka ute wa yai, unaibandika chini ya kitovu. Uso wa Mama Mapacha uangalie nje, ndio mtoto ajue anaitwa na nani. Hata kuoga wanaoga wakiizunguka. Hivyo imani ikashikana na ujanja: mwanamke amepata hirizi, na Joan hana ushahidi nyumbani kwake.

Na uso wenyewe ulikuwa wa nani? Msomaji wa zamani unajua. Ulikuwa wa Wawira.

Alipopigwa picha ile aliambiwa ni ya kalenda. Mapacha walikuwa wa kuazima, yeye hajawahi kuzaa hata mmoja. Alipogundua ilikokwenda, tayari wanawake sokoni walikuwa wanamsimamisha. “Mama Mapacha, hebu niguse tumbo.” “Mama Mapacha, nibariki.” Jina likamkalia tamu. Akanyamaza. Wakimuuliza watoto wako wapi, anasema wako kwa nyanya yao, Embu.

Shiko alitoka Mau Narok akiufuata uso huo. Jamleck alishamwambia: safari hii ama mtoto, ama nafasi yako iko na mtu. Akashuka na kiroba cha viazi begani, akamwona Wawira akisuuza chupa mlangoni, akapiga magoti pale pale kwenye tope. Tangu siku hiyo alikuwa akimwita dada.

Sasa dada afanye nini? Akisema, uso ni wake, pingu ni zake. Akinyamaza, polisi wanaondoka na sanduku la juisi, mlango unafungwa, na Shiko anazungusha kizibo.

“Basi, afande,” Joan alikuwa anasema, “mkimaliza mtufungie mlango. Kuna baridi, na hawa ni wajawazito.”

Jepleting akageuka kwenda.

“Ziko kwa tumbo!”

Sauti ilitoka kwa Wawira kabla ya yeye mwenyewe kuamua. “Madam, karatasi ziko kwa tumbo zao. Inua nguo.”

Ungesikia chai ikipoa.

“Mama Mapacha?” Shiko akasema taratibu. “Unasema nini?”

Jepleting hakuhitaji kuambiwa mara mbili. “Wanaume, tokeni nje. Umaima, funga pazia.”

Polisi wakatoka. Wanawake wakajikusanya kama kuku walioona mwewe. Jepleting alimshika Wanjugu, aliyekuwa karibu, akainua blauzi. Pale, chini ya kitovu, kwenye ngozi iliyotanuka hadi kung’aa, palikuwa na karatasi ya manjano. Maandishi yote yako wazi. Mapacha wawili. Mama mmoja, anacheka.

Jepleting akaitazama karatasi. Akamtazama Wawira. Akarudi kwa karatasi.

“Huyu ni wewe.”

“Ni mimi. Lakini mwenye dawa ni—”

“Ngoja!” Umaima alikuwa amekaribia, ameinama juu ya tumbo la Wanjugu. “Hawa watoto nawajua. Hawa ni wa mjomba wangu Darweshi, wa hapa hapa Bondeni. Hizo kofia nilizifuma mimi! Si wa huyu mama.”

“Wako wapi wako?” Wanjugu akamgeukia Wawira. “Wale wa Embu?”

Wawira akainamisha kichwa.

“Nakuuliza, wako wapi?”

“Sina.”

“Huna mmoja ama huna wote?”

“Sijazaa mimi. Sijawahi.”

Mate ya Wanjugu yalimpata kwenye shavu. Hakujifuta.

Sasa ndiyo siku, Wawira alijiambia. Acha nitemewe mate. Uongo umejulikana, watamgeukia Joan, chupa itamwagwa, Shiko atapona. Akainua macho kumtafuta Joan.

Joan alikuwa analia.

Machozi ya kweli, msomaji, yanashuka mpaka kidevuni. Akajikokota hadi katikati ya sebule, akavua koti lake jeupe, akainua blauzi yake juu. Pale kwenye tumbo lake, chini ya kitovu, ilikuwa imebandikwa karatasi ya manjano.

“Hata mimi,” Joan akalia. “Hata mimi alinidanganya! Miaka yote natafuta mtoto. Akaniambia nimpe nyumba auzie hapa, atanipa dawa. Nikavaa koti kwa sababu aliniambia nivae. Mimi ni nani? Si mteja tu kama nyinyi!”

“Uongo!” Wawira akapiga kelele. “Yeye ndiye—”

“Karatasi ina uso wa nani?” Joan akauliza. “Ni wangu?”

Alikuwa ameibandika lini? Pengine leo asubuhi. Pengine kila siku, akingoja siku kama hii. Chatu hahitaji kukimbia, hukaa tu.

Jepleting alisita. Alikuwa akimjua Joan tangu kortini, na alijua machozi. Lakini mkononi alikuwa na kitu ambacho mwezi jana hakuwa nacho: karatasi, maandishi, na uso unaolingana na mtu. Wakili gani angepita hapo?

“Afande!” akaita.

Polisi mmoja akaingia akiwa amegeuza uso, akamfunga Wawira pingu, upande wa pili akaufunga kwenye chuma cha dirisha, akatoka mbio kama aliyeunguzwa.

“Nifunge,” Wawira akasema. “Nifunge hata miaka. Lakini huyu Shiko ako na chupa kwa sweta. Hiyo si kama zingine. Hiyo ndiyo ilimaliza wa Kihoto. Ichukueni!”

“Shiko ni nani?”

Wanawake walisimama bega kwa bega mbele ya kochi, ukuta wa matumbo.

“Hakuna Shiko hapa,” Wanjugu akasema. “Kuna Mama Gachanja.”

“Mkubwa wetu, tafadhali,” Wawira akamlilia Jepleting. “Nesi amebeba mashine ya kusikiza mtoto, nimeiona kwa mkoba. Amsikize Shiko. Wa kwanza awe yeye. Wakisikia hakuna kitu ndani, wataachilia hiyo chupa wenyewe.”

Ilikuwa hoja nzuri. Ndiyo sababu Umaima alikuja na kimashine chenyewe, kuwafungua macho. Jepleting akaitikia kwa kichwa, sawa.

“Mimi siogopi,” Shiko akasema kutoka nyuma ya ukuta. “Acheni waje. Mtoto wangu anacheza kila siku.”

Wote walisema hivyo. Kwa wote huwa anacheza. Wawira alikuwa ameyasikia kwa kila mmoja, na kila mara ilikuwa gesi.

Shiko akalala kochini, nguo juu, akiwa ameikumbatia sweta. Umaima akapaka mafuta ya kupimia, akaweka kimashine juu ya uso wa karatasi uliokuwa ukicheka.

Kelele za upepo. Krrr. Krrr.

“Unaona?” Jepleting akawaambia. “Hakuna—”

Umaima akakisogeza kidogo, pembeni.

Du-du-du-du-du-du-du.

Haraka, wazi, kama cherehani ya fundi aliyechelewesha harusi.

Umaima akakitoa, akakitikisa, akakirudisha. Du-du-du-du. Akainua uso wake uliojaa hofu.

“Madam. Huyu ako naye.”

“Ako naye nini?”

“Mtoto. Yuko hai. Huyu ana mimba ya kweli.”

Jamani! Nani angejua? Chupa zote zile, sumu miezi yote ile, na kiumbe kidogo kutoka Mau Narok kikang’ang’ania kama kupe! Dawa haikumleta, dawa ilishindwa tu kumtoa. Lakini nani sebuleni mle alikuwa na masikio ya kusikia hilo?

“INAFANYA KAZI!”

Sijui ni nani aliyeanza. Wanawake walirukaruka, walikumbatiana, walilia. Sanduku la serikali likapinduliwa, chupa zikagombaniwa. Jepleting alisukumwa hadi ukutani, akipiga mluzi usiosikika. Polisi walipofungua mlango waliona matumbo wazi kila upande, wakaufunga tena.

“Shiko!” Wawira alivuta pingu mpaka ngozi ikachanika. “Shiko, mwaga hiyo! Sasa ndio utamuua! Uko na mtoto kweli, Shiko, mwaga!”

Shiko alikuwa amekaa. Uso wake ulikuwa unang’aa kama wa bibi arusi. Alimsikia. Wawira aliona wazi kwamba alimsikia, kwa sababu aligeuka na kumtazama moja kwa moja.

“Nilikupigia magoti kwa tope,” Shiko akasema. “Nikakuita dada. Kumbe wewe ni mti mkavu.”

“Ni kweli. Nimekosa. Lakini hiyo chupa—”

“Kabla wasikie roho ya mtoto wangu ulisema nisikunywe. Wamesikia, bado unasema nisikunywe. Hujazaa, na hutaki nizae.”

“Kunywa, Mama Gachanja,” Joan akasema kwa upole. Alikuwa tayari mlangoni, koti jeupe limekunjwa kwapani. “Mlango ufunguke.”

Shiko akazungusha kizibo.

Umaima alimrukia. Wanjugu akamshika hijabu akamrudisha nyuma. Na Shiko akainua chupa, akameza, akameza, mpaka chini.

“Ni chungu hii,” akasema, akikunja uso. Akacheka. “Si kama zingine.”

Kupitia pembeni mwa pazia la dirisha Wawira alimwona Joan akitoka nje, amejifunga kitambaa kichwani kama mteja yeyote, akiwapita polisi wawili waliompisha njia kwa heshima. Akapanda bodaboda, ile ile aliyowakataza wenzake. Hakugeuka nyuma.

Ndani, wanawake walimkalisha Shiko kwenye kiti kikubwa, kile cha kitambaa cheupe cha kufumwa. Wakamfunga leso. Mtu akammiminia chai ya maziwa, mwingine akaanza wimbo, na wimbo ukarefuka. Jepleting, aliyekwama nyuma ya meza, alikuwa kwenye simu akipigia kelele mtu alete gari la wagonjwa.

“Ni kijana!” Wanjugu akatangaza. “Gachanja amefika! Nyamazeni, tumpigie ngemi zake.”

Wakanyamaza. Ngemi, yaani vigelegele vya uzazi, tatu ni za msichana. Mvulana hupigiwa tano, hazipungui, na kila mwanamke sebuleni mle alikuwa amezisubiri maisha yake yote, hata kama si zake.

“Ariririririii!” Ya kwanza.

Shiko alitabasamu, mkono tumboni.

Ya pili.

“Mnishikie kikombe,” akasema.

Ya tatu. Wawira alikuwa ameacha kuvuta pingu. Alikuwa anatazama, kama alivyotazama siku zote.

Ya nne. Shiko aliinama mbele polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha sakafuni.

Wanjugu alifungua mdomo kwa ya tano. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia kitambaa cheupe cha kiti, na ngemi ikamfia kooni.